Kifungo Sikioni mwa Mbwa wa Baba

Mwaka nilioajiriwa kwenye maabara ya mifugo Nairobi, nilikuwa sishikiki. Kazi yangu ilikuwa kupaka seli kwenye vioo na kuzitia rangi, kisha daktari azisome kwa hadubini. Kusoma hakukunihusu. Lakini mtu akikaa jikoni miezi mitano huanza kujiita mpishi, na baba yangu kule Masii alikuwa amekwisha kuwatangazia watu wa soko lote kwamba binti yake ni daktari. Mimi sikumkosoa.

Basi nikaenda nyumbani wikendi moja nikamkuta mbwa wa baba ameota uvimbe sikioni, mwekundu, mviringo, usio na manyoya, kama kifungo cha koti. Baba alimfuga mbwa huyo kwa matusi. "Hii mbwa ni ya bure kabisa," angesema, huku akimtupia mfupa wenye nyama. Mama alikuwa ameupaka uvimbe majivu, kisha mafuta ya taa, na sikio sasa lilinuka kama stovu. Nikawaambia wote wakae kando. Nikadunga sindano, nikavuta seli kidogo, nikazipaka kwenye kioo na kuondoka nazo kwa madaha.

Jumatatu nikazitia rangi na kuchungulia. Mama yangu! Seli zilikuwa zinagawanyika kila upande, bila haya. Nilijua kitu kimoja tu kuhusu uvimbe, kwamba seli zikikimbilia kugawanyika, ni kansa. Nikapiga simu duka la karibu na kwetu, baba akaitwa.

"Ni kansa, Tata. Mbaya."

"Itaenea?"

"Itaenea. Atateseka."

"Basi Jumamosi nitaita jirani na upinde yake. Wewe ndiye umesoma."

Ijumaa jioni nikampelekea daktari kile kioo, nikitafuta sifa. Alitazama, akauliza, "Huyu mbwa ana umri gani?"

Nilikuwa sijaandika. "Kama mwaka mmoja."

Alicheka mpaka akavua miwani. Akanieleza kwamba zile ni seli za ulinzi, ambazo hukaa ndani ya ngozi kama askari getini, zikikagua kila kijidudu kinachoingia. Kwa mbwa wachanga, wakati mwingine askari hao huzaana ovyo mahali pamoja mpaka ngozi ikavimba. Hugawanyika kwa kasi ya kutisha, na ndiyo maana wasiojua hukimbilia kulia. Baada ya wiki chache seli nyingine za damu huja kuwatawanya, na uvimbe huisha wenyewe.

"Mwambie mwenye mbwa asifanye chochote," akasema.

Niliikimbilia simu. Duka lilikuwa limefungwa.

Jumamosi asubuhi niliingia kwetu mbio, kiatu kimoja mkononi. Mbwa alikuwa amefungwa kwenye mti. Jirani, mzee mwenye shabaha inayosifiwa, alikuwa akijaribu uzi wa upinde wake. Baba alikuwa amevaa koti la kanisani. Na mbele ya mbwa, kwenye sahani ya bati, kulikuwa na firigisi. Kuku alikuwa amechinjwa, na firigisi, ambayo ni ya mwenye boma na ambayo mimi na masomo yangu yote sikuwahi hata kuilamba, alikuwa amepewa mbwa wa bure kabisa.

"Ngojeni! Si kansa!"

Jirani akashusha upinde. "Si ni wewe ulisema iko na kansa?"

"Nilikosea."

Baba alinitazama. "Ulikosea, ama unaionea huruma? Kama itateseka, usinidanganye."

Hapo niliona aibu kuliko siku yoyote maishani, maana ili kumwokoa mbwa ilinibidi nijivue udaktari mbele ya jirani. "Mimi si daktari, Tata. Mimi huosha vioo na kutia rangi. Daktari mwenyewe ameangalia. Amesema ni kitu ya mbwa watoto, itaisha yenyewe."

"Huosha vioo?" jirani akauliza, kwa furaha isiyofichika.

"Naosha."

Baba akamwambia mama ampe mgeni chai, kwa kuwa mtu hawezi kutembea na upinde asubuhi yote kwa bure. Kisha akapiga magoti na koti lake la kanisani, akaanza kufungua kamba. Fundo likamshinda. Nikainama kumsaidia.

"Ningeiua," akasema polepole, jirani asisikie. "Sikutaka hata kidogo. Lakini ni wewe ulikuwa umesema."