Mke wangu alikuwa kwenye meli ya kuvunja barafu iliposhika moto

Wakuu, salaam kwenu. Naomba niwasimulie jambo lililonikuta hapa Sydney kipindi cha corona. Sina chumvi ya kuongeza, lenyewe lilitosha.

Mke wangu Mwanaidi ni mtu wa Tanga, mpishi wa meli. Msimu ule alipata mkataba kwenye meli ya kuvunja barafu, zile zinazopeleka mafuta, chakula na dawa kwa watafiti walioko Antaktika.

Mimi nilibaki nyumbani Auburn, hapa hapa Sydney, na binti yetu Rehema, nikipiga kazi ya warehouse.

Kabla ya kuondoka waliwekwa karantini huko Hobart, bandari meli inakoanzia safari. Kirusi kikiingia kule kambini kwa watafiti, hakuna hospitali ya kukimbilia.

Mimi nilikuwa naogopa barafu tu. Kumbe.

Asubuhi moja nikiwa kazini, simu ikaita. Dada mmoja wa ofisi ya meli, anaongea kwa upole mno.

"There's been a fire in the engine room. Everyone is safe."

Yaani chumba cha injini kimeshika moto, ila wote wako salama. Nikamwomba niongee na mke wangu. Akasema mawasiliano ni ya dharura pekee. Moto umezimwa, ila injini zote zimekufa, na upepo unaisukuma meli kwenye barafu.

Wakuu, nilirudi nyumbani nikashindwa kukaa. Naingia jikoni, natoka. Nafungua friji, nasahau nilitaka nini. Nikatafuta ndege ya Hobart, nikakumbuka kule wamefunga mpaka kwa watu wa Sydney sababu ya corona. Na hata ningefika, si ningeishia kusimama gatini?

Rehema anaelewa Kiswahili ila hujibu Kiingereza. Akaniuliza kama mama yake anasikia baridi, "Dad, is Mum cold?"

"Sijui, mwanangu. Tukae tungoje."

"You're not sitting." Kweli, mwenyewe nilikuwa bado nimesimama.

Kesho yake simu ikaita, ni Mwanaidi kutoka melini, sauti inakuja kwa kuchelewa.

"Baba Rehema, mmekula?"

Nikampa mtoto simu.

Baadaye alinisimulia. Walipangwa kwenye boti za uokozi, wamevaa masuti mazito ya kujikinga na maji ya baridi, mabamba ya barafu yanagonga ubavu wa meli. Mafundi wakafufua injini moja, wakarudi nayo polepole.

Alipofika nyumbani nilimsihi aache ile kazi.

"Na wanaongoja chakula kule, nani awapelekee?"

"Wapo wengine."

"Hao wengine nao wana waume."

Msimu uliofuata nilimpeleka airport mwenyewe, nikambebea begi.

Nilichojifunza: mwenzio akienda kazi kama hizo, uliza mapema nani atakupigia simu mambo yakiharibika. Na mtoto usimdanganye, anakuona unavyozunguka.

Utulivu bado sijajifunza. Wenye waume na wake baharini, nyie mnalalaje? Nisaidieni, maana yuko njiani tena kwenda Antaktika.