Siku Bibi Alipokuwa Mdachi

Miaka ile ya Ujamaa nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi katika kijiji kilichoko juu ya Lushoto. Asubuhi niliwafundisha watoto, alasiri niliwafundisha mama zao. Darasa la watu wazima lilikuwa la wanawake karibu wote, kwa sababu wanaume walisema wamechoka na shamba, kana kwamba sisi shambani tulikuwa tunakwenda kulala. Wanawake walikuja na watoto mgongoni, wengine wanasuka vikapu huku wanasoma. Waislamu na Walutheri walibanana kwenye madawati ya watoto, magoti yamewafika kidevuni, na bibi yangu mzaa mama alikaa mbele kabisa karibu na mlango, penye jua.

Bibi hakuja kusoma. Alikuja kwa sababu saa hizo nyumbani hakubaki mtu wa kuzungumza naye. Nikimpa chaki aandike herufi, anachora kuku. Darasa zima linacheka, nami nacheka, na somo la siku hiyo linakuwa limekwisha.

Mwaka mmoja, Saba Saba ilipokaribia, katibu wa kijiji alikuja darasani akasimama mlangoni, kofia mkononi.

"Mwalimu, wametaka kila kijiji kipeleke mjini mchezo wa kuonyesha historia ya kwetu. Ngoma peke yake haitoshi. Nimeona nikupe wewe, maana darasa lako lina watu wenye sauti."

"Sauti tunazo," alijibu mama mmoja wa kwaya ya kanisani. "Tutaimba."

Jirani yake, mke wa mwalimu wa madrasa, akasema kuimba si tabu, lakini tuimbe kuhusu nini? Hapo maneno yakawa mengi. Wengine walitaka mambo ya machifu, wengine walitaka siku ya Uhuru, jinsi watu walivyocheza mpaka kucha. Mwishowe mtu akauliza barabara ya kutoka Mombo kuja Lushoto ilijengwa na nani. Kumbe kila ukoo ulikuwa na mtu aliyevunja mawe pale wakati wa Wajerumani. Mmoja babu yake alirudi bila vidole viwili. Mwingine wa kwake alitoroka akaishi porini na nyani, au ndivyo alivyopenda kusimulia.

Basi tukakubaliana kucheza barabara. Wabeba mawe walipatikana mara moja, na waimbaji vilevile. Aliyekosekana ni Mdachi mwenyewe, yule msimamizi wa Kijerumani. Kila niliyemgeukia alifunika uso kwa kanga. "Mimi? Mume wangu atanitania mpaka nizeeke!"

"Nitakuwa mimi," alisema bibi.

Tulidhani anatania.

"Nilimwona kwa macho yangu. Nilikuwa mtoto, nampelekea baba chakula kule kwenye mawe. Nilimwangalia vizuri yule mtu."

"Bibi, utaweza kusimama muda wote huo?"

"Wewe shughulika na chaki yako," akanijibu, na darasa likampigia vigelegele.

Wiki zilizofuata hatukusoma sana, nasema ukweli. Kofia ya Mdachi tuliitengeneza kwa nusu ya kibuyu, tukaivika kitambaa cheupe. Masharubu yalikuwa ndevu za mahindi, yamebandikwa kwa ugali laini. Buti tuliazima kwa mlinzi wa msitu, na bibi akajaza matambara ndani zisimpwaye. Alipozivaa mara ya kwanza akatembea toka ubaoni hadi dirishani, kifua mbele, mkono mmoja mgongoni, mguu unatupwa kama unafukuza mbwa. Akaanza kufoka kwa lugha ambayo haikuwa Kijerumani wala Kishambaa, ila ukisikiliza kwa makini ulikuta ndani yake majina ya mboga zote za bustanini kwetu. Mama wa kwaya alicheka mpaka akatoka nje kujifuta machozi.

Jambo moja bibi alikuwa mkali nalo. Tulipotaka kujaza vikapu majani makavu ili visiwe vizito, alikataa katakata.

"Mawe ni mawe," alisema. "Mtu akibeba majani mgongo wake unasema uongo."

Siku ya sherehe tuliteremka kwa miguu tangu alfajiri, tumejifunika makoti ya waume zetu kwa baridi, buti na kibuyu vikibebwa kichwani kwa zamu. Ukungu ulikuwa mzito hata hatukuonana vizuri, lakini nyimbo zilituunganisha. Aliyekuwa mbele alianzisha, wa nyuma wakaitikia, na watu wa bustanini wasiotuona walituitikia pia kutoka humo ukunguni. Tulipofika Lushoto jua lilikuwa limetoka na uwanja umejaa. Kulikuwa na ngoma za vijiji vingine, watoto wa shule na ngonjera zao, na chini ya turubai meza ndefu ya wageni: mgeni rasmi, mchungaji, shehe na watu wa ofisini waliovaa suti za Kiujamaa.

Zamu yetu ilifika. Wabeba mawe waliingia wakiimba wimbo tulioutunga wenyewe kwa Kishambaa, kwamba mlima ni wetu na mawe ni yetu, na barabara nayo itakuwa yetu siku moja. Halafu akaingia bibi, fimbo mkononi. Uwanja ulilipuka. Watu walisimama juu ya baiskeli zao ili wamwone vizuri. Alikagua wabeba mawe mmoja mmoja, akapiga buti chini, akafoka kabichi zake na karoti zake. Mpaka hapo kila kitu kilikwenda kama tulivyofanya darasani.

Kisha akasimama. Akageuka polepole, akatazama meza ya wageni.

"Na hawa?" akauliza, sasa kwa Kiswahili safi. "Hawa waliokaa kivulini hawana mikono?"

Katibu alinishika bega. "Mwalimu, mzuie!"

Ningemzuiaje? Alikuwa ameshafika mezani, fimbo inamwelekea mgeni rasmi. "Wewe! Simama! Jiwe lako liko pale!"

Nilijiona tayari nimehamishiwa shule ya mbali nisikoijua. Mgeni rasmi alimtazama yule kikongwe mwenye masharubu ya mahindi. Akasimama. Akafungua vifungo vya koti, akalikunja na kuliweka kitini.

"Ndiyo, bwana," alisema, akaenda akachagua jiwe, tena si dogo, akalitia begani.

Kelele zilizopigwa pale sijapata kuzisikia tena. Mchungaji alifuata, shehe akakunja mikono ya kanzu, watu wa ofisini wakainuka kwa kusukumana. Wakaingia kwenye mstari wa wanawake wetu, wakaimba kiitikio walichokuwa wamekishika muda mfupi tu. Bibi alitembea pembeni yao. "Wewe wa miwani, unaringa!" Watu wa uwanjani nao wakaanza kuokota mawe, mradi kila mtu abebe chochote, mpaka mstari ukazunguka uwanja.

Mgeni rasmi alipoweka jiwe lake chini, jasho linamtoka, akainamisha kichwa. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu," alisema bibi, Mdachi amekwisha kumtoka. "Haya, kapumzike."

Jioni, tukiwa nyumbani tunaota moto, nilimkanda miguu kwa maji ya vuguvugu. Nikamwambia lazima utotoni alimtazama kweli yule Mdachi, maana katika kumwigiza hakuacha kitu.

"Nani amtazame?" alisema. "Kule nilikuwa naangalia chini, natetemeka. Yote yale nimejifunza kwa baba. Alikuwa akirudi jioni, mabega yamevimba, anatukuta tumenuna kwa ajili yake. Basi anavaa chungu kichwani, anatembea hivyo hivyo mbele yetu mpaka tuanze kucheka. Mama anamwambia lala, umechoka. Halali mpaka sote tumecheka."

Nilikuwa nimeishi naye tangu utoto, na habari hiyo sikuwahi kuisikia. Nilimuuliza mengine mengi jioni ile, wimbo gani baba yake alipenda, alitembeaje akiwa yeye mwenyewe. Alinijibu yote, miguu yake ndani ya karai.

Baada ya sherehe tuliitwa vijiji vingi, na mwisho tuliitwa Mombo, chini kabisa, kwenye joto ambalo baadhi yetu hatukuwa tumelijua. Tulicheza kando ya barabara kuu, karibu na wauza machungwa. Basi la kwenda Moshi lilisimama, abiria wakashuka kunyoosha miguu, wakabaki kutazama. Dereva akapiga honi, hakuna aliyegeuka. Akaja kuwafuata, naye akabaki.

Katikati ya mchezo, mzee mmoja Mpare akatoka kati ya abiria, amemkabidhi mtu mfuko wake. "Mdachi wa kwetu hakutembea hivyo," alimwambia bibi kwa heshima. "Wa kwetu alichechemea, na alikuwa na kikohozi."

"Tuonyeshe," alisema bibi.

Mzee akachechemea mbele ya watu, anakohoa na kufoka, mkono kiunoni. Bibi alimsogelea, akampigia saluti, wakaanza kukaguana Wadachi wawili, mmoja wa Upare na mmoja wa Usambara, kila mmoja anaamrisha na hakuna anayetii. Wauza machungwa waliacha meza zao. Wanawake wetu wakashindwa kubeba mawe kwa kicheko, wakayaweka chini wakakaa juu yake.

Basi liliondoka limechelewa sana, vichwa vimejaa madirishani, na tulisikia abiria wakiimba kiitikio chetu mpaka wakapotea kwenye kona, maneno ya Kishambaa wakiyakosea yote.