Tovuti ya Misiba ya Kiranjeranje

Siku yangu ya kwanza kazini nilifanya kosa ambalo ilinichukua miaka kulitambua: nilimwonyesha bosi kitu nilichokuwa nimekitengeneza nyumbani kwa kujifurahisha.

Ofisi ilikuwa chumba kimoja Kilwa Masoko, nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi. Tulitengeneza tovuti za nyumba za wageni. Mimi sikuwa nimesomea. Nilijifunza mwenyewe kijijini kwetu Kiranjeranje kwa simu yenye kioo kilichopasuka, nikifuata masomo ya bure mtandaoni, na hofu ya kuonekana sijui haikuniacha hata siku moja. Meneja, ambaye ndiye aliyekuwa na ofisi, alipouliza nina nini cha kumwonyesha, nilimfungulia ukurasa nilioutengeneza.

"Hiki umekitoa wapi, dogo?"

"Nimetengeneza mwenyewe, bosi."

"Cha nani?"

"Cha watu tu. Cha kijijini."

"Hakuna kitu cha watu tu. Kilete kwenye seva yetu, huko kilipo kitakufa."

Seva ni kompyuta inayokaa imewashwa wakati wote mahali fulani, ikibeba tovuti ili mtu yeyote aweze kuifungua. Yangu ilikuwa ya bure na ilizimika ilivyotaka. Nikahamishia kila kitu kwenye seva ya ofisi siku ileile, na nikajiona nimepandishwa cheo kabla sijapewa hata kiti.

Kitu chenyewe kilikuwa ukurasa wa kutangaza misiba. Kwetu maiti haikai. Mtu akifa asubuhi, Alasiri ameshazikwa, na ndugu walioko Dar es Salaam wakichelewa kupata habari wanakuta kaburi. Kwa hiyo ukurasa ulikuwa na mambo matatu: jina la marehemu, kijiji, na mazishi ni baada ya sala gani. Mtu alinitumia ujumbe wa simu, mimi nikampigia, nikampigia na jirani mmoja wa wafiwa, ndipo nikaandika. Nilikagua jina herufi kwa herufi. Nilikuwa naogopa kukosea jina la marehemu kuliko nilivyoogopa kitu kingine chochote.

Katika waliokuwa wananitumia ujumbe alikuwamo Mzee Mtopa wa Kiranjeranje. Yeye na Mzee Bakari, jirani yake, walikuwa watani. Koo zao zimetaniana tangu kwa mababu. Kila baada ya muda Mzee Mtopa ananitumia habari kwamba Bakari amekufa. Amekufa kwa uchoyo, amekufa kwa kuogopa kuoga. Nikimpigia, nasikia kicheko kabla ya salamu.

"Shikamoo mzee. Kafa kweli?"

"Marahaba. Kafa, ila amekataa kuzikwa mpaka ale kwanza."

Nacheka, nafuta ujumbe, narudi kwenye tovuti za nyumba za wageni.

Meneja alipochoka na biashara aliiuza kwa kampuni moja ya Lindi, na mimi nikauzwa pamoja na meza. Kule alikuwapo Mkurugenzi, mtu nadhifu, mpole wa sauti, aliyependa kutazama takwimu za tovuti, yaani hesabu ya watu wanaofungua kila ukurasa. Akaona kwamba tovuti zote tulizotengeneza kwa ajili ya wateja hazifikii ukurasa wangu wa misiba. Akaniita.

"Kwa nini tangazo linachukua saa nzima?"

"Napiga simu kuthibitisha, mkurugenzi."

"Maiti haisubiri. Wewe unasubiri nini?"

Alitaka ujumbe ukifika uingie wenyewe kwenye ukurasa. Nawaambia ukweli nyinyi mnaoanza kazi hii: sikubisha. Niliuliza maswali mengi, yote kuhusu rangi, ukubwa wa herufi, na itakuwaje watu wawili wakituma kwa pamoja. Kisha nikaandika programu nzuri kuliko zote nilizowahi kuandika. Ilisoma ujumbe, ikatafuta jina, kijiji na sala ya mazishi, ikavipanga. Maneno mengine yote ilitupa. Watu huandika mambo mengi wakiwa na majonzi, na mimi sikutaka kuona ukurasa mchafu. Niliurudia mstari mmoja wa programu mpaka macho yakauma, kwa sababu uliacha nafasi tupu moja baada ya jina.

Haukupita muda Mzee Mtopa akatuma ujumbe wake kama kawaida. Niliusoma baadaye kwenye kumbukumbu za seva. Uliandikwa: "Bakari wa Kiranjeranje amefariki leo kwa uchoyo, tunazika baada ya Alasiri, kila mtu aje na chakula chake maana marehemu hakuacha hata punje." Programu ikachukua jina, kijiji na Alasiri. Uchoyo, chakula na punje ikavitupa. Ukurasa ukasema, kwa herufi safi zilizonyooka, kwamba Bakari wa Kiranjeranje amefariki na mazishi ni baada ya Alasiri.

Zuhura, binti wa pekee wa Mzee Bakari, alikuwa Dar. Simu ya baba yake haikuwa na chaji. Akakimbilia Mbagala, akapanda basi la kusini. Aliposhuka Kiranjeranje watu wa kituoni walimshangaa, na alipofika nyumbani alimkuta baba yake amekaa barazani anapukuchua mbaazi.

"Nani kafa?" Mzee Bakari akauliza alipomwona analia.

Kijiji kilicheka wiki nzima. Mzee Mtopa alitozwa kuku na watani wenzake, akamtoa huku anadai kuwa marehemu ndiye alipaswa kulipa. Zuhura peke yake hakucheka. Nilitoka Lindi kwenda kumwomba radhi, nikamkuta anafunga mizigo ya kurudi.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Wewe ndiye wa kompyuta?"

"Ndiyo, dada."

"Nimelia kutoka Mbagala mpaka hapa. Watu kwenye basi wamenichangia maji. Unajua nilikuwa nawaza nini? Kwamba sikumwambia kwaheri." Akakaza fundo la kanga. "Sitakimbia tena. Waambie watani wako."

Nilirudi kwa Mkurugenzi nikamwomba turudishe utaratibu wa kupiga simu. Alinionyesha takwimu za siku ile. Ukurasa haukuwahi kufunguliwa na watu wengi kiasi hicho. "Kosa moja," akasema, "na mzee mwenyewe mzima. Rekebisha programu." Nikamwomba basi tuufunge. Akanikumbusha kwa upole kwamba ukurasa uko kwenye seva ya kampuni, umenunuliwa na kampuni, na mimi ni mwajiriwa.

Hapo ndipo nilipopaswa kuondoka. Sikuondoka. Nilirekebisha programu. Niliandika orodha ya maneno ya utani, uchoyo, kuoga, kula, ili ujumbe wenye neno kama hilo uzuiwe. Nilikuwa naamini kwamba nikiipata orodha kamili, kila kitu kitakaa sawa. Mkurugenzi alinisifu mbele ya wenzangu, na nikaipenda sifa ile.

Mzee Bakari alifariki kweli wakati wa mavuno ya ufuta. Alianguka shambani asubuhi. Mzee Mtopa ndiye aliyekuwa naye. Alituma ujumbe usio na neno hata moja la mzaha, na programu yangu ikautangaza bila dosari. Lakini hakuishia hapo, akampigia Zuhura. Alinisimulia mwenyewe baadaye, akitazama chini.

"Nikamwambia, mwanangu, baba yako ametutoka. Akacheka. Akasema, mzee Mtopa, safari hii hunipati. Nikalia. Akasema, na kulia umejifunza? Akakata."

Alipopiga tena, simu ilikuwa imezimwa. Kazini kwa Zuhura simu huachwa mlangoni. Watu wakamwambia Mzee Mtopa akatangaze kwenye ukurasa, akawajibu kwamba ukurasa umeshatangaza. Wazee walikaa wakashauriana wamsubiri au vipi. Kulikuwa na joto. Wakazika baada ya Alasiri. Zuhura alipotoka kazini na kuwasha simu, alikuta jumbe za watu wengi, na safari hii hakukuwa na basi mpaka kesho yake.

Nilikuwapo alipofika. Hakulia. Alisimama karibu na udongo mbichi akauliza kichwa kimelala upande gani, akaonyeshwa. Mzee Mtopa alikuwa amesimama mbali. Kwa desturi mtani ndiye wa kuchangamsha wafiwa. Huwa analala kaburini asikubali maiti ashushwe mpaka alipwe, anaiga mwendo wa marehemu mpaka wafiwa wacheke wakilia. Siku ya mazishi hakufanya hata kimoja, na hakuna aliyemwomba.

Niliandika barua ya kuacha kazi wiki hiyo. Mkurugenzi aliisoma akatabasamu.

"Umri wako mtu anastaafu?"

"Mimi nimestaafu, mkurugenzi."

Watu wananicheka nikisema hivyo, sijafika hata miaka arobaini. Lakini sina neno jingine. Miaka yangu ya kazi imekwisha, na nikiwaambia kwamba naikumbuka kwa furaha nitakuwa nimedanganya. Nilikuwa fundi mzuri. Nilikesha kwa ajili ya nafasi tupu baada ya jina, na kicheko cha mzee mmoja nilikiona uchafu. Hakuna aliyenifundisha kazi, kwa hiyo hakuna ninayeweza kumlaumu kwa hilo.

Sasa nalima ufuta Kiranjeranje. Jioni natengeneza mchezo wa bao wa kwenye simu, wa kwangu mwenyewe, na sijamwonyesha mtu. Ukurasa wa misiba unaendeshwa na kijana mwingine huko Lindi. Nasikia unafanya kazi vizuri. Zuhura anapiga simu kwa mama mdogo wake kila Ijumaa, na haamini habari yoyote mpaka aisikie kwa huyo. Mzee Mtopa hatanii tena. Akija msibani anakaa na wazee wengine, anakula, anaitikia dua, anaondoka.