Kitambaa cha Kanisa Kando ya Bomba

Nilisikia mvuke kwanza. Shhhhh, mrefu, wenye hasira, kisha kimya, kisha shhhhh tena. Ilikuwa mashine ya kahawa tu, nyuma ya mgongo wangu, katika mkahawa mmoja mjini Nakuru nilikoingia kukwepa mvua. Lakini mwili wangu ulikuwa umeshapanda mlimani, juu ya Gilgil, na mimi ni mtoto tena. Nikageuka kuitafuta ile sauti, na pale ukutani, juu ya kichwa cha mhudumu, nikauona mlima wetu.

Picha kubwa, pana kama kitanda. Mawingu meusi yamepasuka na mwanga unamwagika juu ya majabali. Miti ya mitarakwa imejikunja kwa upepo. Chini kabisa, ziwa. Na katikati ya pori hilo, mnara wa chuma wa kuchimbia, ukitoa mvuke mweupe unaopanda hadi kuyagusa mawingu. Ni picha nzuri, rafiki yangu, siwezi kukudanganya. Ukiitazama unahisi ukubwa wa dunia na udogo wako. Mhudumu aliniambia ilinunuliwa pamoja na viti, ofisi fulani ilipohama.

Mimi naijua tangu ilipokuwa kitambaa kitupu.

Mlima wetu haukuwa na mto wala kisima. Maji tuliyapata ardhini, lakini yalitujia kama pumzi. Palipokuwa na ufa wenye joto, watu walichimba shimo, wakalifunika kwa nyasi na udongo, wakaacha bomba refu la chuma likitokeza kwa mteremko. Mvuke uliingia bombani, ukapoa, ukadondoka mtungini tone kwa tone. Kila boma lilikuwa na bomba lake. Kazi yangu ilikuwa kuamka kabla ya jua, baridi ingali kali, maana bomba baridi ndilo hutoa maji mengi, nikabadilishe mtungi uliojaa. Yalikuwa na ladha ya chuma, na chai yake sijaipata tena popote. Juu ya ardhi ile ile ya moto nyanya yangu alianika maua ya pareto, na harufu yake ilikaa kwenye blanketi zetu pamoja na ya vichaka vya leleshwa. Kikombe cha kwanza cha siku hakikunywewa na mwenye boma; kiliwekewa mpita njia. "Mlima haukukuuliza jina," nyanya alikuwa akisema, "nawe usimuulize mwenye kiu."

Kisha likaja tingatinga, likapasua barabara msituni, na baada yake ule mnara wa kampuni ya kuchimba mvuke wa umeme. Ulipoanza kupuliza, tulilazimika kuzungumza kwa kupaza sauti hata mezani. Kuku wakaacha kutaga. Na bomba letu likaanza kusita. Tone. Kimya. Tone. Wenye mashine walisema mvuke huhama wenyewe, kama ng'ombe wanaofuata majani. Labda ni kweli, sijawahi kujua. Tulichojua ni kwamba bomba likikauka, tungehama.

Hapo ndipo mwalimu wetu wa shule, aliyependa kuchora, alipoanza kupanda kwetu kila Jumamosi. Aliketi mahali pamoja, akitazama bomba letu na mnara nyuma yake. Alimwambia nyanya kwamba picha imeagizwa na ofisi kubwa mjini. Itatundikwa mahali wakubwa wa kampuni wanapokutana.

Nyanya akaamua wakubwa hao wamwone. Hakumwomba mwalimu chochote. Yeye alizijua picha za studio tu, na kwake kuchorwa kulikuwa ni kukaa pale mtu anapotazama na kutulia. Basi kila Jumamosi alijipaka mafuta usoni, akafunga kitambaa chake cha kanisa, akaketi kando ya bomba wima kama nguzo, hadi jua linapogeuka. Watoto tulikatazwa kupita mbele yake.

"Kwani leo bwana harusi ni hilo bomba?" jirani alimtania, akipita na mzigo wa kuni.

"Cheka tu," nyanya alijibu bila kusogeza midomo. "Wakiniona mimi, na nyinyi mmeonekana."

"Si basi waone na meno? Hebu tabasamu!"

"Siwezi. Hii ni picha ya shida."

Mara kwa mara alimwita mwalimu. "Mwalimu, si unionyeshe kidogo?"

"Ngoja ikauke, shosho. Ikiwa mbichi haionyeshwi."

Leo hakuna boma hata moja upande ule. Mabomba ya kung'aa, manene kuliko ng'ombe, yamepita juu ya uwanja wa pareto. Nyanya alihamia kwa shangazi, Bondeni, penye mfereji wa maji ya mji nje ya mlango, akaishi miaka michache akilalamika kwamba maji yale hayana pumzi, kisha akafa. Watoto wa mlimani tumetawanyika, na sijui ni nani kati yetu bado anakumbuka mtungi ulivyolia ulipokaribia kujaa. Mimi huikumbuka zaidi siku ile picha ilipokauka.

Mwalimu aliileta nyumbani, akaiegemeza ukutani. Nyanya alifuta mikono, akasogea. Kidole chake kikatembea juu ya rangi bila kuigusa: mnara, mvuke, mtarakwa wenye kovu, jabali letu. Penye bomba palikuwa na vichaka vya leleshwa. Penye nyumba, ukungu.

"Mimi niko wapi, mwalimu?"

"Hii si picha ya watu, shosho. Ni ya mlima. Nikiweka nyumba hapa, pori linapotea."

"Na siku zote hizo nimekaa?"

"Nilidhani unaota jua," mwalimu akasema polepole.

"Si unichore sasa? Hata padogo. Hata kama nzi."

"Gari la ofisi linangoja barabarani, shosho."

Nyanya alimsaidia kuifunika picha kwa gunia, akakaza kamba isije ikalegea njiani. Mwalimu akatoka kinyumenyume, ameikumbatia, akiomba radhi kwa sauti ambayo mnara uliimeza. Jua lilikuwa bado juu, na mchana mlango wetu haukuwahi kufungwa, mpita njia asije akakosa maji. Nyanya akaufunga, akatia komeo.