Picha ya Mama Watoto

Siku tulipopewa picha hiyo tulikuwa watatu: mimi, mdogo wangu wa kidato cha tatu, na mzee jirani yetu pale Shauri Moyo. Harufu ya gundi ya mbao, hapa ninapopiga randa Gikomba, hunirudisha mezani kwake.

Mwalimu wa historia alitaka ushahidi wa maisha ya zamani mtaani. Maktaba haikuwa na kitu, na wazazi wetu walikuwa wamekufa, basi tukamwendea mzee. Akatoa picha aliyokuwa nayo, moja tu: marehemu mkewe mbele ya nyumba za mtaa wetu zikiwa mpya.

“Mama watoto hakuwahi kuingia darasani,” akacheka. “Leo anaenda sekondari! Lakini mnirudishie.”

Mimi niliacha shule darasa la saba. Niliibandika katika daftari la mdogo wangu kwa gundi ya kazini, nikaipaka nyuma yote ili isipotee.

Mdogo wangu alipata alama za juu. Tulipojaribu kuibandua, uso wa yule mama ulichanika.

Kila Jumapili mzee aliuliza, “Mama watoto hajafunga shule?”

“Bado, mzee.”

Kisha mzee akafa, akazikwa kwao magharibi. Daftari ninalo. Wanawe nawajua, na sijawapelekea.