Jina la Mama Ndani ya Video

Mdogo wangu Fridah hajui kukaa. Hata chai anainywa amesimama mlangoni, kikombe mkono huu, simu mkono ule. Kwa hivyo nilicheka aliponiambia amepata kazi ya kurekodi skrini ya simu huku akieleza wapi mtu abonyeze. Nikamwuliza kama kweli ataweza kutulia dakika tatu.

Mteja wake wa kwanza alikuwa Bwana Mukhisa, katibu wa ushirika wa wakulima kwetu Bungoma. Msimu huu wanachama walitakiwa kuagiza mbolea kwa simu, mwisho Ijumaa saa kumi na moja jioni. Usipojisajili, hakuna mbolea. Video ikiwasaidia, Fridah angepewa zingine zote za mwaka. Isipowasaidia, basi. Na mmoja wa wanachama hao ni mama yetu, Nabwile, mwenye ekari mbili za mahindi.

Tunaishi Tuwan, hapa Kitale, na mvua ya mchana ikianza kupiga mabati hamsikilizani. Ikabidi arekodi asubuhi, amejifunika blanketi kichwani, mimi nimekatazwa hata kuosha sufuria. Nilikasirika, sitaficha. Jogoo wa jirani akiwika, anaanza upya. Akikosea neno, anaanza upya. Mara kumi na moja, jameni! Kwenye fomu ya majaribio aliyopewa, palipotaka jina la mkulima, aliandika la Mama. Alisema kazi yake ya kwanza lazima Mama awe ndani. Hapo hasira yangu ikapungua kidogo.

Jumatano video ikatumwa. Kabla ya chakula cha mchana Mama akapiga simu: amebonyeza kila kitu, amesajiliwa, Mungu ambariki mtoto wake. Fridah alizunguka nyumba nzima akiimba.

Ijumaa asubuhi akapiga Mukhisa. Kati ya wanachama mia mbili, waliojisajili ni tisa, na Mama hayumo. Fridah alivaa viatu bila soksi. Mimi nikafunga duka langu la nafaka, tukaenda Bungoma.

Tulikuta wanawake sita wa ushirika uani kwetu, na Mama ameketi katikati yao ameinamisha kichwa. Jirani yetu Mama Hesbon ndiye aliyetusomea mashtaka. Ati kila mmoja amefuata video mpaka mwisho, na kila simu ikaandika jina moja tu: Asante, Nabwile, umesajiliwa. Ati mbolea ya watu wote imeenda kwa mama ya mwenye video.

Fridah akamwomba Mama amwonyeshe alivyofanya. Mama akavaa miwani, akafungua video. Sauti ikasema bonyeza kitufe cha kijani, naye akakibonyeza palepale, ndani ya video. Video ikasimama. Akabonyeza tena, ikaendelea. Jina lake lilipotokea mwishoni, akatutazama kuuliza amekosea wapi.

Wueh! Kicheko kilinifika kooni, nikauona uso wa Fridah, nikakimeza. Mtoto alikuwa na aibu ya kumliza.

"Hujakosea, Mama," akasema. "Ni mimi sikusema mtu aanzie wapi."

Kisha akaketi. Kwenye nyasi, kando ya Mama, na hakuinuka. Akarekodi upya, safari hii kwa sauti ya Mama, na maneno ya kwanza Mama aliyasema kwa ukali wake wa kawaida: "Hii ni picha tu. Usinibonyeze mimi. Toka hapa kwanza, uende kwa fomu."

Wakaituma, halafu Fridah akawashughulikia wale sita, simu moja baada ya nyingine, bila haraka. Ilipofika saa kumi Mukhisa akaandika kwamba wamefika mia moja na arobaini, na wiki ijayo angependa kuzungumza juu ya video zingine. Fridah alisoma ujumbe, akaiweka simu chini. Alikuwa bado na mtu mmoja.

Mama alibonyeza mwenyewe. Asante, Nabwile, umesajiliwa. Maneno yaleyale. Hakufurahi. Aliyaangalia sana, akamgeukia Fridah.

"Na huyu," akauliza polepole, "sasa ndiye mimi?"

Fridah aliitikia kwa kichwa. Akamshika ule mkono uliobonyeza.