Chuma Namba Saba na Takbira Nne

Mimi ni sonara. Ufundi wangu niliupata Unguja nilikolelewa, ndiyo maana mpaka leo nikipima uzito au nikikasirika, Kiswahili ndicho kinachonitoka kwanza. Nilirudi kisiwani kwetu, Mutsamudu, nikiwa mtu mzima, nikafungua kibanda, na kwa miaka mingi sikukosa kazi, kwa sababu hapa mwanamke haolewi bila bangili. Ukaja uhuru, kazi ikaendelea. Yakaja mapinduzi, yakapiga marufuku harusi kubwa, kazi ikafa. Vijana wa kamati ya mapinduzi, ambao juzi tu walikuwa shuleni, walikuja kunieleza kwamba dhahabu ni ujinga wa wazee. Niliwasikiliza mpaka mwisho, nikafunga kibanda, nikawa nashinda nikinyoosha vijiko na kuziba masufuria. Sikuwapenda, na sioni sababu ya kujifanya leo kwamba niliwapenda.

Watu wetu waliporudishwa kutoka Majunga, ng'ambo ya bahari, baada ya wenyeji wa huko kuua wengi wao, nilikwenda kwa meli mpaka Moroni, mji mkuu, kumpokea dada yangu, aliyekuwa ameolewa huko siku nyingi. Alishuka na mumewe, na mama wa mumewe, na mafurushi mawili. Mdogo wake shemeji hakushuka. Majirani walimwona akianguka mbele ya duka, lakini mwili haukupatikana. Shemeji mwenyewe alivunjwa bega la kulia siku hiyohiyo, na mkono ulikuwa unaning'inia tu ubavuni.

Tulingoja meli ya Mutsamudu siku nne. Siku ya tatu nilimchukua shemeji soko la Volo Volo, ili atoke nje kidogo, maana alikuwa amekaa akiutazama ukuta mpaka dada yangu akawa anaogopa. Wafaransa walikuwa wameondoka, lakini vitu vyao vilikuwa bado vinazunguka sokoni: pasi, sahani za muziki, viatu vya tenisi. Katikati ya hayo palikuwa na mfuko wa turubai wenye fimbo saba za gofu, zile za vichwa vya chuma. Shemeji alisimama. Akachomoa moja kwa mkono wa kushoto, akaitazama mgongoni, akaigonga kwa kucha.

"Hivi ni vyuma vya wenye nguvu," alisema. Hayo ndiyo yalikuwa maneno yake ya kwanza tangu asubuhi.

Nilijua kazi yake ya Majunga, ila sikuwahi kuitilia maanani. Alianza kwa kukata majani kwenye uwanja wa gofu wa Wazungu, akaja kubeba mifuko, mwishowe akawa mjaribu wa vyuma. Mzungu akiletewa seti mpya, humpa yeye kwanza apige, kisha humuuliza inamfaa nani. Mimi niliona ni kazi ya ajabu kwa mtu mzima. Hata hivyo niliununua ule mfuko, kwa sababu alikuwa amesema neno, na mipira minne chakavu tukapewa juu yake.

Kwetu Mutsamudu nyumba ni ya mwanamke. Ile ya dada yangu ilikuwa imefungwa ikimngoja, basi tukaifungua, wakaingia wote watatu. Hapo ndipo nilipojua kilichokuwa kinamla yule bibi, mama wa shemeji. Mwanawe mdogo alikuwa hajasaliwa. Maiti asipopatikana husaliwa kwa mbali. Sala hiyo ina takbira nne, na sisi katika kila takbira huinua mikono miwili mpaka masikioni. Bibi alitaka mwanawe mkubwa ndiye asimame mbele, maana ndiye ndugu pekee aliyebaki. Kila Ijumaa baada ya chai alimuuliza, "Mwanangu, leo?" Na kila Ijumaa shemeji alijibu, "Mkono haupandi, mama. Takbira nne nitaziinuaje?"

Mwalimu wa msikiti alikuja mwenyewe kumweleza kwamba kuinua mikono ni sunna tu, sala husihi hata mikono ikilala. Shemeji alimsikiliza kwa adabu.

"Ni mdogo wangu, mwalimu," akasema. "Simsalii nusu."

Daktari wa hospitali ya Hombo naye alisema mfupa umeunga, kilichobaki ni mazoezi, na mkono usipotumiwa utakauka. Shemeji hakufanya mazoezi yoyote. Kila alasiri bibi alimkanda bega kwa mafuta ya nazi, naye akawa anakaa tu, amegeuza uso pembeni. Miezi ikapita hivyo. Mimi si mtu wa subira, na siku moja ilinishinda. Nilikwenda kuuchukua ule mfuko chini ya kitanda, nikaubwaga mbele yake.

"Haya! Ulisema hivi ni vya wenye nguvu. Vya wasio na nguvu vikoje?"

Alinitazama kama mtu aliyeamshwa. Kisha akaanza kunieleza, akichora chini kwa kidole. Mtu anayepiga polepole, mpira hauinuki, hutambaa. Basi chuma chake kinatakiwa kiwe kizito chini, tumbo nene linaloteleza juu ya majani bila kujichimbia. Mgongo utobolewe katikati, na uzito unaotoka hapo upelekwe pembeni kote, ili hata akipiga nje ya kiini, chuma kisimgeukie mkononi. Alikuwa amewaona wazee wa Kizungu wakipiga vyuma vya namna hiyo, watu wa kutembea kwa mkongojo, na mpira unapanda vizuri tu.

"Kumbe ni suala la kuhamisha uzito," nikasema.

"Ndiyo hivyo."

Lo, kumbe maisha yangu yote nilikuwa nafanya kazi hiyo! Nilifungua kibanda siku hiyohiyo. Nikapima chuma kilichopigwa namba saba kwenye mizani ya dhahabu, kichwa mbali na mpini mbali, maana hakikuingia chote. Nikachimba mgongo kwa keke na tupa siku tatu, nikayeyusha risasi za kuzamishia nyavu, nikazilaza chini na pembeni, nikazifunga kwa shaba. Desturi ya sonara ni kwamba mali ya mtu hurudi kwa uzito wake, basi nilihakikisha kile chuma kinarudi kwa uzito uleule kilioingia nao. Mwisho nikageuza usoni, nikakuta mistari kumi na moja imechimbika. Nikasikitika. Nikasema moyoni, huyu Mzungu hakujua kutunza chombo, kimekwaruzika vibaya. Nikakaa asubuhi nzima nikipiga tupa na msasa mpaka mistari yote ikaisha na uso ukawa unang'aa, unaweza kujitazama ukanyoa ndevu.

Nikampelekea shemeji nikijivuna. Akageuza chuma mara ya kwanza, mara ya pili.

"Shemeji," akasema taratibu, "mistari iko wapi?"

"Mistari gani? Ile mikwaruzo? Nimeisafisha."

Alicheka. Alicheka mpaka akashika ukuta, na dada yangu akatoka jikoni mbio na mwiko mkononi kutazama nani anacheka. Ile mistari, alinieleza akifuta machozi, ndiyo inayoushika mpira. Bila hiyo mpira huteleza kama sabuni. Niliona haya, sifichi. Nikarudi kibandani, nikaichora upya kwa kalamu ya chuma ya kutilia nakshi bangili, mistari kumi na moja, na hiyo haikuwa na kasoro.

Majaribio tuliyafanya Patsy, juu ya mji, kwenye malisho yaliyokatwa na korongo. Kutoka tulipopigia mpaka ukingo wa korongo ni hatua sabini. Ng'ambo yake palikuwa na mkarafuu mmoja. Tulipanda siku nyingi, pengine mara mbili kwa juma. Vijana wa kamati walitukuta mara moja, wakauliza hivi vyuma ni vya nini. Nikawaambia ni dawa ya mkono, kamuulizeni daktari. Wakatutazama, wakaenda zao.

Shemeji alijaribu kama alivyozoea kujaribu kazini. Kwanza mipira minne kwa namba sita ambayo sikuigusa, kisha minne kwa namba saba yangu, kisha kurudia. Mimi nilihesabu hatua. Kwa ile namba sita mpira ulitambaa hatua arobaini, ukazama kwenye majani. Kwa changu uliinuka, ukatua hatua hamsini na tano, sitini. Hata alipokosea akagonga karibu na ncha, ulikwenda mbele, haukuruka kando. "Kinasamehe," alisema, naye alikuwa akisema kwa furaha ya fundi. Nikaongeza risasi kidogo kisiginoni, pale kichwa kinapoungana na mpini, tukapima tena, nikatoa, tukapima tena. Lakini korongo halikuvukwa. Kila mara mpira ulikufa hatua chache kabla ya ukingo, naye kila mara alitikisa kichwa, akasema mkono ndio huohuo.

Mtu aliyezoea mizani huona vitu vidogo. Niliona kwamba chuma kikishuka, kabla tu ya kufika chini, anakizuia. Nikadhani ni maumivu.

Halafu asubuhi moja nilipita uani kwa dada yangu bila kubisha hodi, nikamkuta shemeji peke yake chini ya mshelisheli. Alikuwa akiangua shelisheli kwa ufito mrefu, mikono yote miwili juu ya kichwa, anasukuma na kuvuta bila taabu yoyote. Hakuniona. Nikarudi nyuma, nikatoka.

Nilikasirika, wallahi. Nilitembea mpaka bandarini na kurudi. Mama mtu mzima kila Ijumaa anamuuliza, naye anajitia hamnazo! Nilitaka kwenda kumwambia bibi pale pale. Lakini kila nilipojaribu kuyapanga yale maneno, mwanao anakudanganya, ulimi ulikataa. Nikaona ni afadhali nimwondolee shemeji kisingizio kwa kazi ya mikono yangu. Nikachukua kile chuma, nikachimba mgongo zaidi, nikashusha uzito wote chini kabisa, nikaulaza uso nyuma kidogo ili mpira upande juu. Nilitaka kiwe chuma ambacho hata akikipiga mtu asiyetaka, mpira uvuke.

Tukapanda Patsy. Mpira wa kwanza alipiga kwa uvivu uleule, akakizuia chuma palepale anapokizuia. Mpira ukainuka juu, juu sana, ukapita ukingo, ukapita korongo, ukaanguka shinani pa mkarafuu.

Nilipiga kelele kama mtoto. Shemeji alikuwa ameshainama. Akaweka mpira wa pili, akapiga polepole zaidi, karibu asipige. Nao ukavuka.

Akaketi kwenye majani, chuma mapajani.

"Umenitengenezea chuma kibaya, shemeji."

"Kibaya vipi? Si kimevusha?"

"Ndiyo ubaya wake." Alikuwa akipitisha kidole kwenye ile mistari yangu. "Mkono umepona zamani. Unajua, sivyo?"

"Nimekuona kwenye mshelisheli."

"Hakuna aliyemwona maiti. Walimwona anaanguka tu. Mtu huanguka, akainuka. Nikisimama mbele nikamsalia, basi mimi ndiye niliyesema amekufa."

Hasira yote niliyopanda nayo ilinitoka. Nilitamani kumwambia neno la kumpoza, lakini uongo sikuutaka.

"Amekufa, shemeji," nikasema.

"Najua," akasema, akalia.

Ijumaa iliyofuata, bibi alipouliza kama kawaida, shemeji aliweka kikombe chini, akasema, "Leo, mama." Baada ya sala ya Ijumaa majirani walikuja, tukapanga safu uani, wanawake nyuma yetu. Mimi nilikuwa mstari wa kwanza, mgongo wake mbele yangu. Takbira ya kwanza mikono ilipanda mpaka masikioni, yote miwili sawasawa. Ya pili ikapanda. Ya tatu ikapanda. Ya nne aliinua mikono akaiacha juu, na sisi tukangoja nyuma yake mpaka aliposhusha mwenyewe. Akatoa salamu. Sikusikia kilio upande wa wanawake.

Alasiri nilimkuta bibi barazani na bakuli lake la mafuta ya nazi. Dhamiri ilikuwa inanisuta, maana nami nilikuwa nimemficha jambo.

"Bibi, nisamehe," nikamwambia. "Mkono ulikuwa umepona kabla. Nilimwona kwa macho yangu, nikanyamaza."

Alinitazama, karibu acheke.

"Wewe mwanangu, huu mkono nani anaukanda kila siku?"

"Kumbe ulijua?"

"Tangu kabla ya Ramadhani."

"Sasa mbona kila Ijumaa ukawa unamuuliza?"

Alichovya vidole kwenye mafuta, akavisugua pamoja.

"Kumuuliza ilinibidi, mimi ni mama wa yule mdogo pia," akasema. "Lakini kila aliponijibu haupandi, nilikuwa napumua. Nilikuwa nimepata Ijumaa moja zaidi kabla mwanangu hajawa maiti."

Kisha akamwita mwanawe. Shemeji akatoka ndani, akaketi chini mbele yake, akampa ule mkono aukande.